Mashine ya Mtumbwi Ikizimika Ziwani: Fuata Njia ya Mafuta

Samaki tunaowanunua katika masoko ya Lubumbashi, wabichi kwa wakavu, wengi wao wametoka mbali. Toka kwetu Kasungami hata Kasenga, penye mto Luapula, ni mwendo wa kilometa 200 na zaidi. Na kutoka hapo mto waendelea mpaka kumwagika katika Ziwa Moero. Kwa hiyo, ijapokuwa sisi hatuna ziwa mlangoni, jamaa nyingi za hapa zina baba, mjomba au shemeji aliye majini. Mwanafunzi mmoja wa jamaa ya namna hiyo ameleta swali, naye amekubali lijibiwe mbele ya wasomaji wote. Asema hivi:

“Mwalimu, shikamoo. Mashine ya mtumbwi ya baba mkubwa ni ya zamani. Yawaka vizuri tukiwa ufukoni, lakini tukifika mbali yazimika. Kabureta imekwisha kufunguliwa mara tatu, na kila mara tumelipa fedha. Je, baba mkubwa auze nyavu zake apate kununua mashine nyingine?”

Marahaba, mwanangu. Mpelekee baba mkubwa salamu zangu, umwambie asiuze nyavu bado. Mvuvi asiye na mashine aweza kupiga kasia. Mvuvi asiye na nyavu atavua kwa nini? Tena, mashine inayowaka kisha ikazimika haijafa. Yaelekea ina njaa tu: petroli, ambayo wengi wetu twaiita esansi, haiifikii ya kutosha. Kazi yetu ni kutafuta mahali njia ilipozibwa.

Kosa la watu wengi ni kuanza na kabureta, kwa kuwa ndiyo yenye vyuma vidogo vingi, na huonekana kama ndiyo penye siri. Lakini kabureta ni karibu na mwisho wa safari. Mtu ambaye maji hayafiki nyumbani kwake hapasui bomba la jikoni kwanza. Huenda kisimani, akafuata mfereji hatua kwa hatua. Nasi tufanye vivyo hivyo.

Mashine hizi si ngeni duniani. Mwaka 1909 Ole Evinrude, mzaliwa wa Norwe aliyehamia Marekani, alianzisha kiwanda cha kuziunda mjini Milwaukee. Siku hizi ziko nyingine zinazoongozwa na kompyuta, nazo zataka fundi mwenye vyombo vyake. Maneno ya leo yahusu zile za zamani zenye kabureta.

NJIA YENYEWE

Petroli yatoka katika tangi, yapita katika mpira wenye kibofu kinachobinywa kwa mkono, yaingia katika chujio, kisha katika pampu ndogo ya mashine. Pampu hiyo ina utando mwembamba unaochezwa na pumzi ya mashine yenyewe, mfano wa ngozi ya ngoma. Toka pampu petroli yafika katika kabureta. Humo mna bakuli na boya dogo. Wavuvi wajua maboya ya wavu. Hili nalo ni vivyo hivyo. Petroli ikijaa, boya lapanda na kusukuma sindano izibe mlango; ikipungua, lashuka na mlango wafunguka. Kutoka bakulini petroli hunyonywa kwa vitundu vyembamba sana, ichanganyike na hewa, ndipo iwake.

Kabla ya yote, ifungue buji, yaani plagi, uitazame. Ikiwa imelowa petroli, mafuta yafika: tafuta kosa katika moto wa umeme, au pengine mafuta yamezidi. Ikiwa kavu kabisa baada ya kuvuta kamba mara nyingi, basi mafuta hayafiki. Hapo ndipo uifuate njia.

KIBOFU NI SHAHIDI

Shahidi mwema kuliko wote ni kile kibofu cha mpira. Kwanza hakikisha kwamba mshale ulioandikwa juu yake waelekea kwenye mashine, si kwenye tangi. Kisha kibinye mara kadhaa.

Kikiwa kigumu na buji ni kavu, kizuizi kiko mbele yake: chujio limejaa uchafu, au sindano ya kabureta imenata, au vitundu vimezibika.

Kisipokuwa kigumu hata ukibinya sana, chavuta hewa mahali fulani, au milango yake ya ndani imechakaa. Tazama mipira kama ina nyufa, na viungo kama vimelegea. Pete ndogo ya mpira kwenye kiungo, iliyo ya bei ndogo sana, ikikauka yatosha kuizima mashine nzima. Lakini ukiona petroli yavuja toka kabureta huku kibofu kikibaki laini, sindano haizibi tena.

Kikiwa kimenywea na kubana kama chupa iliyonyonywa, kizuizi kiko nyuma yake, yaani upande wa tangi.

SASA MASHINE YA BABA MKUBWA

Kwa nini yawaka ufukoni na kuzimika mbali? Kwa sababu wakati wa kuondoka bakuli la kabureta limejaa, na mashine haijaongezwa mwendo. Ikikazwa, yahitaji mafuta mengi kwa haraka, na hapo ndipo upungufu waonekana. Mambo matatu yashukiwa zaidi.

La kwanza ni tundu la hewa katika kifuniko cha tangi. Petroli ikitoka, lazima hewa iingie mahali pake. Tundu likiwa limefungwa au limezibwa na matope, tangi hujinyonga lenyewe. Siku mashine inapoanza kulegea, fungua kifuniko kidogo. Ukisikia hewa ikiingia kwa sauti na mashine ikapata nguvu, umekwisha kumkamata mwizi, wala hukulipa hata faranga moja.

La pili ni pampu. Mashine ikilegea, mwenzako abinye kibofu. Ikiwa mashine yafufuka kila abinyapo, utando wa pampu umechoka au umetoboka, au hewa yaingia katika mpira. Kagua mpira na viungo kwanza. Vikiwa vizima, badili utando.

La tatu ni mpira wenyewe. Mpira wa miaka mingi hubanduka ndani. Kwa nje waonekana mzima, lakini ngozi yake ya ndani hulegea, na mafuta yakivutwa kwa nguvu huanguka na kufunga njia kama mlango. Hapo kibofu hunywea. Hauna dawa ila kubadilishwa.

Wasomaji wataona kwamba hata moja la hayo haliko ndani ya kabureta. Kabureta ingeweza kufunguliwa mara kumi, na mashine ingezidi kuzimika.

IKIWA NI KABURETA KWELI

Dalili yake ni hii: mashine yakubali kwenda tu ukivuta kile kifungo cha kuwashia asubuhi, kinachopunguza hewa, ukikirudisha, yazimika. Basi vitundu vimezibika. Ifungue kabureta nchi kavu, juu ya kitambaa cheupe, wala si ndani ya mtumbwi. Kabla ya kutoa skrubu ya kurekebisha, izungushe mpaka ifunge polepole, ukihesabu mizunguko, uiandike. Ukiirudisha, ifunge kisha uifungue mizunguko iyo hiyo. Vitundu visafishwe kwa petroli safi na kwa kupuliza hewa. Kikikataa kimoja, tumia uzi mmoja mwembamba wa nailoni ya kuvulia. Usitumie waya wa chuma: wapanua kitundu, na baada ya hapo mashine itakunywa fedha zako.

UCHAFU WATOKA WAPI?

Kusafisha bila kujua asili ya uchafu ni kukausha maji huku paa lavuja. Petroli nyingi huuzwa katika madumu na chupa, na maji huingia humo, hasa wakati wa masika. Jaribu hivi: tia kidogo katika chupa nyeupe, uache itulie. Lita ya maji ina uzito wa kilo 1, lakini lita ya petroli ni karibu robo tatu ya kilo. Kwa hiyo maji hukaa chini, nawe utayaona. Mimina petroli kwa kuichuja, na usiache mafuta katika mashine kwa miezi: yakikauka huacha gundi inayoziba vitundu.

Mashine ya zamani ya mipigo miwili huchanganyiwa oili katika petroli. Soma kipimo cha kiwanda. Penye kipimo cha moja kwa 50, lita 20 za petroli zataka desilita 4 za oili; penye moja kwa 25, ni desilita 8. Anayepunguza oili kwa ubahili ataunguza mashine. Anayezidisha ataona moshi na buji chafu.

USALAMA

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hulala chini ya mtumbwi bila kuonekana. Kwa hiyo tangi lishushwe ufukoni kabla ya kujazwa, na sigara pamoja na taa ziwekwe mbali. Wavuvi wa usiku, wanaowavuta samaki wadogo kwa mwanga, na wakumbuke hilo zaidi. Wala mtu asinyonye petroli kwa kinywa kwa kutumia mpira: tone likiingia mapafuni, ni hatari ya kufa.

Tena, jaribio lolote lifanyike karibu na ufuko, mkiwa wawili. Pepo za kiangazi za kusini-mashariki hazimngoji mtu akague chujio. Katika kila mtumbwi wenye mashine pawe na makasia, nanga, buji ya akiba, ufunguo wake, na makoti ya kuelea kwa kila abiria, watoto wasisahauliwe.

Wahenga walisema, haraka haraka haina baraka. Vijana mnaokwenda ziwani likizo, jifunzeni kufuata njia ya mafuta toka tangi, hatua moja baada ya nyingine, wala msiruke hata moja. Jamaa inayolala ufukoni ikingoja mtumbwi urudi haitajua jina la pete ile ndogo ya mpira mliyoibadili asubuhi. Itajua tu kwamba mmerudi.