Mlingotini Haikulala

Kuna imani iliyoota mizizi Bagamoyo, na wanaoieneza ni watu wema: walimu, waongoza watalii, hata wazee wetu. Wanasema historia ya pwani hii ilikwisha Wajerumani walipohamishia makao yao Dar es Salaam mwaka 1891. Tangu hapo hadi chama cha TANU kilipobisha hodi na madai ya uhuru, eti vijiji kama Mlingotini vilisinzia na nazi zao na samaki wao, mambo ya dunia yakipita mbali. Si kweli, na uongo huu unatudhulumu.

Chukua mwezi mmoja tu, Septemba 1931. Tarehe 21 Uingereza iliacha kuifungamanisha pauni na dhahabu. Shilingi ya Afrika Mashariki ilitegemea pauni, kwa hiyo uamuzi wa London uliingia moja kwa moja mfukoni mwa mkulima wa Mlingotini, bila kuulizwa wala kuambiwa. Mfuko wenyewe ulishakuwa mwepesi. Tangu uchumi wa dunia uanguke mwaka 1929, bei ya mbata ilikuwa imeporomoka na mashamba ya mkonge yalikuwa yakipunguza vibarua. Kodi ya kichwa ilidaiwa vilevile, tena taslimu, na aliyekosa fedha aliweza kulipishwa kwa jasho lake katika kazi za serikali. Mtu anayepasua mawe kwa sababu mbata haina bei Ulaya, utamwambiaje kwamba dunia ilikuwa mbali?

Siku tatu kabla, tarehe 18, jeshi la Japani lilianza kuiteka Manchuria, kaskazini mwa China. Yalikuwa ya Wachina peke yao hayo? Miaka ileile nguo rahisi za Japani zilikuwa zikijaa maduka ya pwani yetu. Na tarehe 16 Waitalia walimnyonga Omar al-Mukhtar huko Libya, mzee mwalimu wa Kurani aliyeongoza upinzani dhidi yao. Bagamoyo nayo ilikuwa na masheikh wake: mwaka huohuo mji huu wa zikri ya tarika ya Kadiria ulimpoteza Sheikh Ramiya, aliyeletwa pwani utotoni akiwa mtumwa kutoka Manyema, akafika kuwa sheikh na liwali. Maisha yake peke yake yanaivunja hadithi ya usingizi. Lakini mgeni akija anaonyeshwa minyororo ya watumwa na magofu ya Kaole, basi.

Kijiji kinachodhaniwa hakikuwahi kuguswa na dunia ni rahisi kukiamulia. Mkataba wa kujenga bandari ya Bagamoyo ulisainiwa mwaka 2013, na watu wa Mlingotini wakajikuta katika habari za fidia. Shule za kata zianze kuuvunja uongo huu wa usingizi: kila mtoto amuulize bibi yake, wazee wake waliipataje kodi ya 1931, waliuza nini, na aliyenunua alikuwa nani.