Jasho la Bendi za Hotelini

Kila uingiapo msimu wa kaskazi, wageni wanapoanza kumiminika katika fukwe za Nyali, Bamburi, Diani na Malindi, huonekana vijana wetu wakishuka kwenye matatu jioni, magita mgongoni, wakielekea milango ya nyuma ya hoteli. Hao ndio wapigaji wa bendi ambazo kazi yao ni kupiga nyimbo za watu wengine. Wenyewe huita kazi hiyo kukopi. Wageni hucheza, hupiga makofi, na kulipokucha huwa wamekwisha sahau. Sisi wenyeji nasi tumezoea kuwabeza, tukidai kwamba apigaye wimbo wa mwenziwe si mwanamuziki bali ni kasuku. Dharau hiyo haina msingi. Tena inatupotosha, maana inatufanya tuone aibu mahali isipokuwapo, na tusiione mahali ilipo.

Muziki wetu umekua kwa kuiga. Ngoma ya beni, iliyovuma Mombasa na Lamu tangu miaka ya 1890, ilichukua matarumbeta, sare na vyeo vya wanajeshi wa Kizungu ikavigeuza kuwa mashindano ya mtaa kwa mtaa. Kuanzia mwaka 1933 zilianza kutolewa santuri za GV zenye muziki wa Cuba, na zilipofika Leopoldville na Brazzaville vijana wa huko wakazikariri, wengine wakiimba maneno ya Kihispania wasiyoyaelewa hata kidogo. Katika kukariri huko ndimo ilimozaliwa rumba ya Kikongo, ambayo mwaka 2021 UNESCO iliiandikisha katika orodha ya turathi za binadamu. Lau wazee wale wangaliambiwa wakae kimya mpaka watunge vyao, tusingalikuwa na rumba leo.

Hapa kwetu Pwani upo mfano ulio karibu zaidi. Them Mushrooms, kundi lililoanzishwa mwaka 1972 na ndugu wa ukoo wa Harrison, lilipiga muziki hotelini kwa miaka mingi kabla ya kuhamia Nairobi. Ni kutokana na kuwatumbuiza watalii usiku baada ya usiku ndipo Teddy Kalanda Harrison alipotunga "Jambo Bwana", wimbo uliotolewa mwaka 1982. Mwaka uliofuata Boney M., kundi la Ujerumani Magharibi, likaurekodi kwa namna yake. Wazungu wakaiga wimbo wa bendi ya hoteli ya Pwani! Yeyote asemaye kwamba hotelini hakutoki kitu na atueleze hilo.

Basi dhiki ya bendi hizi haitokani na kuiga. Kwanza inatokana na msimu. Kuanzia Aprili mvua za masika hushika, wageni hupungua, baadhi ya hoteli hufunga milango, na bendi huambiwa irudi wageni wakirudi. Kwa kawaida huwa ya kwanza kuachishwa, kwa sababu mpishi hana budi kuwapo lakini gita laweza kunyamaza. Hiyo ni miaka ya amani. Machafuko ya Likoni ya Agosti 1997, bomu la Kikambala la Novemba 2002, vurugu zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, mauaji ya Mpeketoni ya Juni 2014, na ugonjwa wa korona ulioleta amri ya kutotoka usiku kuanzia Machi 2020 hadi Oktoba 2021: kila moja ya misiba hiyo iliwatia hasara wenye hoteli, nasi tuliwasikia wakilia magazetini na serikalini. Mpiga besi hakuwa na mahali pa kulilia. Aliuza spika.

Pili, na hili ndilo kubwa, inatokana na mapatano ya mdomo. Mara nyingi mwenye vyombo ndiye mwenye bendi; yeye ndiye azungumzaye na meneja, yeye ndiye apokeaye fedha, na wapigaji hugawiwa kwa kadiri aonavyo. Siku za mazoezi hazihesabiwi. Nauli ya usiku wa manane si juu ya mtu. Mwimbaji akikaukiwa na sauti (na sauti haina budi kukauka kwa mtu aimbaye saa nne kwa usiku, siku sita kwa juma) nafasi yake huchukuliwa na mwingine bila kuulizwa. Siku hizi ametokea na mshindani asiyelala wala kula, yaani kinanda chenye midundo iliyokwisha tiwa ndani. Mtu mmoja huketi mbele yake akafanya kazi ya watu watano. Meneja hulipa ujira mmoja, na mgeni aliye katikati ya mlo wake haoni tofauti.

Kuna na adha nyingine isiyohesabika kwa fedha. Meneja hutaka nyimbo zilezile, kwa kuwa mgeni wa juma hili si yule wa juma lililopita. Mpigaji, yeye, ni yuleyule. Hupiga "Malaika" jana, leo na kesho, kwa miaka kumi, huku wimbo wake mwenyewe ukimwozea kichwani. Akiupenyeza siku moja huonywa kwamba wageni hawaujui. Wataujuaje, ikiwa haupigwi?

Upande wa pili wamesimama watunzi. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inamtaka mwenye ukumbi alipie nyimbo zinazopigwa hadharani humo, na malipo hayo yawafikie waliozitunga kupitia vyama vya kukusanya mirabaha. Lakini chama kitajuaje ni nyimbo zipi zilizopigwa Diani usiku wa Jumamosi, ikiwa hakuna aliyeziandika? "Malaika" wenyewe ni ushahidi wa hatari ya kutoandika: wimbo huo uliojulikana duniani kwa sauti ya Fadhili William na baadaye Miriam Makeba, hadi leo watu wanabishana ni nani hasa aliyeutunga. Wazee walisema mcheza kwao hutunzwa. Hapa achezaye hatunzwi na atungaye hatunzwi. Atunzwaye ni mwenye ukumbi.

Wenye hoteli watajibu kwamba hoteli si chuo cha sanaa, kwamba mgeni amelipa ili astarehe, na kwamba bendi isiyoridhika haikufungwa kamba. Jibu hilo lina ukweli wake, na hatumwombi mtu agawe sadaka. Ila hoteli hizohizo hutangaza ng'ambo picha za vijana hawa waliovaa kanga na vikoi, zikiahidi muziki wa Pwani. Kinachouzwa kwa jina la Pwani hakina budi kuwalipa watu wa Pwani kwa kipimo kinachojulikana.

Katiba ya mwaka 2010 imezikabidhi serikali za kaunti mambo ya utamaduni, starehe za umma na leseni za vileo. Mombasa, Kwale na Kilifi zina uwezo huo mkononi, na hazihitaji kungojea Nairobi. Hoteli inayoomba leseni na idaiwe mkataba ulioandikwa na kutiwa sahihi na kila mpigaji, si mwenye vyombo peke yake, ukitaja ujira wa msimu wa wageni na ujira wa masika. Idaiwe pia orodha ya nyimbo zilizopigwa kila usiku, ipelekwe kwa chama cha mirabaha mwisho wa mwezi. Nusu saa ya kila onyesho iachiwe nyimbo za bendi yenyewe. Meneja anaweza kuipanga nusu saa hiyo apendapo, hata wakati wa chakula, maadamu majina ya nyimbo hizo na ya watunzi wake yanaingia katika orodha ileile.