Mwenye Kitambi Aanze kwa Kuanguka

"Ipi kali?" Hilo ndilo swali la kwanza la karibu kila mtu mzima anayefikiria kujifunza mchezo wa kujihami. Karate au judo? Ngumi au taekwondo? Anauliza akiwa na miaka 40 na ushei, anashinda kitini kutwa, ngazi za ghorofa mbili zinamkata pumzi, na juzi muuguzi amempima presha akaguna. Swali lenyewe amelirithi kwenye vibanda vya video: Bruce Lee akiwatandika watu kumi peke yake, Jackie Chan akiparamia ukuta, na juu ya yote sauti ya DJ Afro kule Kenya au ya Lufufu huku Tanzania ikimweleza mtazamaji nani steringi na nani hafiki mwisho wa mkanda. Kwenye filamu, mwenye mchezo mkali ndiye anayebaki amesimama.

Kwa mwenye kitambi, swali hilo linampeleka pabaya. Linamfanya achague mchezo kwa kumtazama bingwa wake, wakati yeye na bingwa huyo hawalingani mwili, umri wala magoti. Swali linalomfaa ni jingine kabisa, nalo ni hili: hapa watu wanafundishwaje kuanguka?

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka watu 684,000 hufa kwa kuanguka. Katika majeraha yasiyo ya makusudi, ni ajali za barabarani tu zinazoua zaidi. Wanaokufa wengi ni watu wazima wa miaka 60 na kuendelea, na hawaanguki kwenye ulingo. Wanaanguka bafuni penye povu la sabuni, kwenye ngazi isiyo na taa, kwenye mtaro uliokosa mfuniko. Mfanyakazi wa ofisini anayejiandaa kwa jambazi mwenye kisu huenda asikutane naye maisha yake yote. Sakafu yenye maji atakutana nayo, tena zaidi ya mara moja.

Katika judo kuanguka kuna jina lake, ukemi, na somo huanzia hapo. Mwanafunzi mpya analala chali juu ya mkeka wa mazoezi, magoti ameyakunja. Kidevu anakibana kifuani na macho anayaelekeza kwenye fundo la mkanda wake, ili kisogo kisiguse chini. Mikono anaikutanisha juu ya kifua, kisha anaishusha yote miwili kwa pamoja na kuupiga mkeka kwa kiganja mpaka kiwiko, imeachana na mbavu kidogo, huku akitoa pumzi. Paa! Anarudia. Mkono ukitangulia kushuka ukiwa umekakamaa kama fimbo, uzito wote wa mwili unaishia kwenye kifundo, kiwiko au mtulinga. Ukishuka umelala, uzito unatawanyika. Akishazoea hivyo anafanya akiwa amekaa, halafu akiwa amechuchumaa, halafu akiwa amesimama, na siku nyingi zitapita kabla mtu mwingine hajamshika ukosi kumwangusha.

Tena kuna faida ambayo mgeni haitambui mpaka kesho yake asubuhi, anaposhindwa kushuka kitandani. Kulala chini na kuinuka mara 30 ni kazi nzito kwa mtu aliyezoea kiti. Mapaja yanawaka, tumbo linakaza, jasho linachuruzika mpaka machoni, na hajapigwa wala hajampiga mtu. Ambaye angeona aibu kukimbia barabarani mbele ya watu, humu ndani anainuka na kulala pamoja na wenzake, na hakuna anayemhesabia.

Walioanzisha michezo hii wenyewe hawakuanza wakiwa majabali. Jigoro Kano, mwasisi wa judo, alizaliwa mwaka 1860, na alipoingia shule ya bweni alikuwa kijana mwembamba wa kilo kama 41 anayeonewa na wenzake. Akaenda kutafuta mafundi wa kuunga mifupa, kwa kuwa zama zile wengi wao ndio walioijua jujutsu ya kale. Mwalimu wake wa kwanza, Fukuda Hachinosuke, naye alikuwa muunga mifupa. Siku moja Kano alimwomba amweleze jinsi mwereka fulani unavyofanyika: mkono huu unakwenda wapi, mguu ule unafanya nini? Jibu la mzee lilikuwa kumbwaga chini, tena na tena, mpaka aelewe kwa mwili.

Kulikuwa na mwenzake mmoja mkubwa wa mwili, Fukushima Kanekichi, ambaye Kano hakumweza. Alijaribu mbinu za sumo, zikagoma. Akaenda maktaba, akafungua vitabu vya mieleka ya Wazungu, akakuta namna ya kumbeba mtu mabegani na kumtupa. Hiyo ndiyo iliyomwangusha Fukushima, na mpaka leo imo kwenye judo kwa jina la kata guruma. Mwaka 1882, akiwa na miaka 21, alifungua shule yake, Kodokan, katika hekalu la Eishoji mjini Tokyo kwa wanafunzi tisa na nafasi ya mikeka 12. Alilolibadilisha kuliko yote ni ufundishaji. Alieleza kila hatua, akaondoa mbinu za hatari kwenye mazoezi ya kushindana, na akaweka kuanguka mwanzoni mwa somo.

Gichin Funakoshi, aliyeitoa karate Okinawa akaipeleka Tokyo mwaka 1922, alikuwa mtoto mgonjwamgonjwa. Alifariki mwaka 1957 akiwa na miaka 88.

Hata hivyo, jina la mchezo peke yake halimlindi mtu, na ushahidi mchungu uko huko huko judo ilikozaliwa. Ryo Uchida, msomi wa Chuo Kikuu cha Nagoya, alikusanya kumbukumbu za ajali za shuleni na kukuta kwamba tangu mwaka 1983, kwa muda usiofika miaka 30, zaidi ya wanafunzi 100 walikufa nchini Japani kutokana na judo ya shule na vilabu vya shule. Wengi walikufa kwa majeraha ya kichwa, na waliokuwa hatarini zaidi walikuwa wa mwaka wa kwanza, yaani wageni. Mwereka uliotajwa sana ni osoto gari, ule wa kufagia mguu kwa nyuma, ambao humpeleka mtu chini kisogo kikitangulia. Si lazima kichwa kigonge chini. Kikitikisika kwa nguvu ya kutosha, mishipa midogo iliyo juu ya ubongo hukatika na damu huvuja ndani.

Wakati huohuo Ufaransa ina majudoka waliosajiliwa wapatao nusu milioni, wengi kuliko Japani, na sehemu kubwa yao ni watoto. Familia za Wajapani waliofiwa zilipoulizia hali ya huko hazikukuta misiba ya namna ile. Tofauti mojawapo inajulikana: tangu sheria ya mwaka 1955, anayefundisha judo kwa malipo Ufaransa lazima awe na diploma inayotambuliwa na serikali. Mchezo ni uleule, mikeka ni ileile, mwereka ni uleule. Anayetofautiana ni mwalimu. Kwa hiyo mtu wa Kariakoo, Likoni au Bujumbura anayekaribia kulipa ada anapaswa kumchunguza mwalimu kabla ya kuuliza asili ya mchezo, na asione haya kumwuliza amefundishwa na nani na ana cheti gani.

Judo si ngeni Afrika Mashariki. Zanzibar imeijua kwa mkono wa Tsuyoshi Shimaoka, Mjapani aliyehamia visiwani akajishughulisha na uvuvi, akawafundisha vijana wa hapo kwa miaka mingi. Tanzania imempeleka Andrew Thomas Mlugu kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016 katika uzito wa kilo 73. Na anayedhani kilo zake zinamfungia mlango amtazame Teddy Riner wa Ufaransa, mwenye zaidi ya kilo 130, aliyetwaa dhahabu ya uzito wa juu London 2012, Rio 2016 na Paris 2024. Riner ni mwanamichezo wa kupigiwa mfano, si mtu wa kitambi, lakini darasa la uzito unaozidi kilo 100 lipo kwa sababu wapo watu wakubwa wanaolihitaji.

Je, wasio na ukumbi wa judo karibu wafanyeje? Ndilo tatizo la miji mingi, na hapo uchaguzi unabadilika.

Jiu-jitsu ya Brazil ni mtoto wa judo: Mitsuyo Maeda, mwanafunzi wa Kodokan, aliifikisha judo Brazil, na familia ya Gracie ikaiendeleza kwa kuikazia vita ya chini. Kwa mtu mzito ina nafuu moja kubwa. Mara nyingi watu huanza wakiwa wamepiga magoti au wamelala, hivyo hakuna kimo cha kuangukia. Aliyebanwa anapiga mkono mara mbili juu ya mwili wa mwenzake, na mwenzake anaachia hapo hapo. Anayeona aibu kupiga mkono ndiye anayerudi nyumbani na kiwiko kilichovimba.

Karate inamfaa zaidi mwenye magoti yanayolalamika na asiyependa kushikwashikwa. Kata, yaani mfululizo wa mapigo na vizuio dhidi ya adui asiyeonekana, hufanywa na kila mtu kwa kasi yake, na teke linaweza kuishia kiunoni bila kuharibu somo. Wanafunzi wa karate ni wengi katika miji yetu, na ukumbi wake hupatikana hata pale ambapo mingine haipo. Taekwondo, iliyoingia rasmi Olimpiki mwaka 2000 kule Sydney, inategemea mateke ya juu na miruko. Ni mchezo mzuri wa kumpeleka mtoto. Mtu wa kilo 110 mwenye goti bovu angefanya vyema kuuacha kwa mwaka wa kwanza.

Ngumi ndiyo inayopendwa kuliko yote, na si ajabu. Septemba 2018 Hassan Mwakinyo wa Tanga alikwenda Birmingham akiwa mgeni asiyepewa nafasi, akammaliza Sam Eggington raundi ya pili, na watu waliosikia habari hizo bado wanazisimulia. Kuruka kamba, kupiga begi, kupiga padi za kocha kwa dakika tatu na kupumzika moja: mazoezi machache yanajenga pumzi haraka kama hayo. Anayeanza akiwa na miaka 45 ana haki ya kuyafurahia yote. Asichokuwa na sababu ya kukikubali ni kuvishwa glavu wiki ya pili na kusukumwa ulingoni na kijana wa miaka 22 ili "azoee". Ubongo hauzoei ngumi.

Na kwa mzee, au mtu anayetoka kwenye ugonjwa, ipo tai chi ya Wachina, ambayo vijana huipuuza kwa sababu ya upole wake. Mwaka 2012 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliofanywa Oregon, Marekani, kwa watu 195 wenye ugonjwa wa Parkinson, ambao huwanyima watu uthabiti wa kusimama. Waliofanya tai chi saa moja, mara mbili kwa wiki, kwa wiki 24, walisimama imara kuliko waliofanya mazoezi ya nguvu au ya kujinyoosha, na walianguka mara chache kuliko waliojinyoosha tu. Hata huko, jambo linarudi kwenye kuanguka.

Inasikitisha kidogo kwamba kwenye orodha hii pwani yenyewe haina ukumbi wake. Kirumbizi kipo, watu wawili na fimbo zao, ngoma na zumari vikiwaongoza, na Lamu kinachezwa Maulidi mpaka leo. Ni mchezo wa jicho na hatua, si wa misuli, na ungewafaa sana watu wazima kama kungekuwa na wa kuufundisha jioni kwa ada kama karate inavyofundishwa.

Kabla ya kulipa, mtu apime presha na sukari, halafu aende ukumbini jioni moja akae pembeni atazame tu. Mwalimu anayekataa kutazamwa ajibiwe kwa kuagwa. Atazame wageni wa mwezi huo wako wapi: wametengewa kona na mtu wa kuwaelekeza, au wamechanganywa na wazoefu wa mkanda wa kahawia na kuachwa wajitafutie? Mtu akiteguka kidole, somo linasimama au linaendelea? Wanawake na wenye mvi wapo, na wanashiriki au wanahesabu tu? Mkeka una tundu? Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kila wiki, na masomo mawili ya saa moja na robo yanatosha kufika hapo. Lakini sharti la hesabu hiyo ni kwamba mtu awe anarudi mwezi wa nne, na wapo wanaokimbia mapema, baada ya kuumizwa au kudhalilishwa.

Mwishoni mwa jioni hiyo amfuate mwalimu amwulize swali ambalo kila mgeni analo moyoni: lini nitaanza kupigana? Wapo watakaomwambia Jumatatu ijayo, ajitahidi kuwa jasiri. Yupo mwingine atakayemtazama kitambi, amtazame na magoti, amwulize kama anaumwa popote, kisha amwonyeshe kwa kidole sehemu ya mkeka iliyo wazi na kumwambia, "Kaka, vua viatu, lala pale chali. Kidevu kifuani." Ada apewe huyu.