Neno Lisiloandikwa Nalo Lina Mwenyewe

Wapenzi wa filamu wana hadithi wasiyochoka kuisimulia: mwigizaji aliuweka mswada kando, akatamka neno lililomjia papo hapo, na neno hilo ndilo dunia inalolikumbuka mpaka leo. Hadithi ni tamu. Tatizo ni kwamba wasanii wetu wameisikia nusu, na gharama ya nusu iliyobaki tunailipa sisi watu wa Ufipa.

Tuisikilize yote. Katika Captain Phillips, filamu ya mwaka 2013, Barkhad Abdi, mzaliwa wa Mogadishu aliyehamia Yemen na kisha Minneapolis huko Marekani, anamkazia macho Tom Hanks na kumwambia kwamba sasa nahodha ni yeye. Mstari huo haukuwa kwenye mswada. Lakini mswada ulikuwepo. Zaidi ya hapo, mwongozaji Paul Greengrass aliwatenga makusudi waigizaji wa Kisomali na Hanks, wasionane hadi siku ya kupiga picha za kuvamia meli. Neno la Abdi halikudondoka kutoka mbinguni. Lilikuwa limeandaliwa mahali pa kusemewa.

Au chukua Jaws ya mwaka 1975. Roy Scheider anamwona papa, anarudi nyuma polepole, anasema watahitaji boti kubwa zaidi. Naye alibuni. Ila Carl Gottlieb, mmoja wa walioandika mswada, alikuja kueleza kwamba maneno hayo yalikuwa tayari utani wa wafanyakazi wa filamu ile, wakiwasema watayarishaji mabahili waliowapa chombo kidogo cha kubebea vifaa. Scheider alichota kilichokuwepo akakiweka panapofaa. Ndivyo ubunifu wa papo hapo ulivyo: hautoi kitu ambacho hakikuwa ghalani.

Sasa tuje nyumbani. Filamu za Bongo zilipoanza kuuzwa kwa wingi miaka ya 2000, nyingi zilipigwa haraka haraka kwa muhtasari wa hadithi, mazungumzo akaachiwa mwigizaji. Sina ugomvi na njia hiyo. Vichekesho vya jukwaani vimeishi hivyo miaka mingi, na marehemu King Majuto, aliyetutoka mwaka 2018, alikuwa ameiva mbele ya watu muda mrefu kabla kamera hazijamfuata. Ghala lake lilijaa. Ninachouliza ni hiki: la wengine lina nini?

Jibu tunalijua vizuri sisi wa Sumbawanga. Mchekeshaji anaigiza mganga, au anamtisha mtu anayemdai. Anahitaji neno la kuogofya, na hakuna aliyemwandikia. Linakuja lenyewe: mwangalie huyu, ametoka Sumbawanga! Banda la video linaangua kicheko. Kesho mwingine anarudia, keshokutwa mwingine. Hiyo siyo kubuni. Ni kuokota kilicho karibu zaidi na mkono.

Na jina lenyewe linawasuta. Kwa Kifipa, sumba ni tupa, wanga ni uchawi. Mji uliopewa jina la kuamuru uchawi utupwe umegeuzwa kuwa duka la kuuuzia.

Nitaambiwa ni utani tu, Mfipa gani huyu asiyejua utani. Utani naujua, na una sheria zake. Mtani husemwa akiwepo, naye hujibu, tena kwa ukali uleule; na ukifiwa, huyohuyo anayekucheka ndiye anayekuja kukusaidia kazi msibani. Skrini haijibiwi. Kijana wa Sumbawanga anayekwenda Dar es Salaam kutafuta kazi hana nafasi ya kumjibu mchekeshaji. Anakutana tu na tabasamu la mtu aliyemuuliza kwao ni wapi.

Na kuna wanaolipa zaidi ya aibu. Katika nchi hii vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kosa lao likiwa macho mekundu yaliyochomwa na moshi wa jikoni kwa miaka. Sisemi kichekesho kimoja kimeshika panga. Nasema kila mara uchawi unapopewa anwani, anayeishi kwenye anwani hiyo anakuwa rahisi kidogo kushukiwa.

Wala mwongozaji asijitetee kwamba hakuliandika neno hilo. Kila tukio la kubuni tunalolisifu lilipita mikononi mwa mtu aliyelitazama upya na kuamua libaki. Filamu hukatwa na kuunganishwa. Neno lisilotakiwa huishia sakafuni. Likibaki, limechaguliwa, na aliyelichagua ndiye mwenye kulijibia.

Siombi msanii azibwe mdomo. Naomba afanye kazi. Apande huku nyanda za juu, aone upepo na baridi ya mwezi wa sita, asikie bei ya mahindi ikibishaniwa mpaka mtu anatupa kofia chini, akae na wanaosimulia habari za tanuri ndefu za udongo ambamo Wafipa waliyeyusha chuma, asimame juu ya maporomoko ya Kalambo ambapo maji yanaanguka zaidi ya mita 200. Kisha kamera iwashwe na mswada uwekwe kando. Hapo neno litakalomtoka huenda likatuchekesha hata sisi wenyewe, na tutalicheka kwa moyo mmoja.

Na mwongozaji, akilisikia tena lile neno la zamani, ana amri moja fupi aliyopewa na kazi yake: kata, turudie.