Kaburi la Kimathi na ukimya wetu

KAULI YA MLIMANI
Na Nderitu Gathogo

Mtu akimtafuta marehemu wake mwaka nenda mwaka rudi, majirani huanza kunong'ona kuwa ana wazimu: mbona asisahau? Wapo watakaomwona hivyo Wanjugu Kimathi katika Our Land, Our Freedom, filamu ya mwaka 2023 ya Zippy Kimundu na Meena Nanji, inayomfuata akitafuta alipozikwa babake, Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau. Mimi nasema wazimu hauko kwake.

Oktoba 21, 1956, askari wa mkoloni, Ndirangu Mau, alimpiga Dedan Kimathi risasi akitoka msituni, huku Tetu. Kimathi akashtakiwa mjini Nyeri kwa kupatikana na bastola, na Februari 18, 1957 akanyongwa Kamiti. Alizikwa humo humo gerezani, bila alama. Mkoloni alijua anachofanya: kaburi lisilojulikana halina mahujaji. Ajabu ni serikali zetu, zilizokipa chuo kikuu cha hapa Nyeri jina lake na kumsimamishia sanamu Nairobi mwaka 2007, kushindwa kumwonyesha mjane wake, Mukami, kaburi hilo. Mukami alifariki Mei 4, 2023, kilio chake hakijajibiwa.

Lakini tusimwachie Wanjugu mzigo huu kana kwamba ni msiba wa nyumba moja. Huku mlimani mjukuu wa mpiganaji na mjukuu wa homugadi aliyemtumikia mkoloni hupeleka majani ya chai kituo kimoja na kuketi benchi moja kanisani, na hakuna anayethubutu kuuliza babu ya nani alifanya nini. Namjua ajuza aliyelazimishwa na mkoloni, akiwa msichana, kuchimba handaki la kuzingira msitu. Hadi leo akisikia gari likisimama nje usiku, huzima taa kwanza, ndipo aulize ni nani. Wajukuu humcheka.

Kaunti ya Nyeri iichukue filamu hii iionyeshe Karatina, Othaya na Mukurwe-ini. Wazee wa pande zote mbili waketi mbele, na ikiisha, anayetaka kusema apewe kipaza sauti, maneno yake yarekodiwe. Waliokuwa wasichana Hali ya Hatari ilipotangazwa mwaka 1952 sasa wamepita miaka themanini.

Nayo serikali ifungue Kamiti. Rekodi za gereza zitolewe, ardhi ichimbwe, vipimo vya DNA vifanywe wakati watoto wa Kimathi wangali hai kutoa damu yao.