Mitishamba Isiwe Kisingizio

Dawa za asili ni urithi wa Taifa, wala si za kubezwa. Ndiyo maana mwaka 1974 kilianzishwa Muhimbili kitengo cha kuzitafiti, na mwaka 2002 Bunge likatunga sheria ya kuzisimamia.

Hata hivyo, wapo watumishi na walimu ambao, wakishapimwa na kukutwa na shinikizo la damu, huacha vidonge kwa siri na kutegemea rozela na vitunguu saumu. Rozela huweza kuteremsha shinikizo kwa kiasi, lakini haishiki nafasi ya vidonge. Kitunguu saumu kingi, kwa anayetumia dawa ya kuzuia damu isigande, huweza kumzidishia hatari ya kutokwa damu.

Kinga ya moyo haimo katika chupa. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi iwe pungufu ya gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na mazoezi ya dakika 150 kwa wiki. Anayekaa ofisini kutwa hana budi kutembea. Anayevuta sigara hana budi kuacha. Na anayetumia mitishamba amweleze daktari bila haya. Mwalimu aliyepooza hafundishi, na pengo lake hulipwa na watoto wa Taifa.