Kitu Kipya? Kwanza Nauliza: Nani Atabadili Mazoea?

Kila wiki kuna mtu anatuletea kitu kipya: programu ya hesabu, roboti ya kujibu wateja, tovuti ya "laki tatu tu, dada". Na sisi wauzaji tumegawanyika. Kuna wanaopakua kabla hawajamaliza kuelezwa, na kuna wa "mimi na daftari langu mpaka kaburini". Mimi nipo pande zote mbili na sioni aibu.

Kipimo changu: nani atabadili mazoea? Kama ni mimi peke yangu, nachukua leo leo. Kama ni mteja, nasubiri.

Chukua WhatsApp Business. Ilitoka 2018 na ni bure. Mteja wangu wa viatu vya watoto hajui hata kama nilihamia huko, anaandika vilevile "mambo, raba namba 28 ipo?" Kazi ni yangu: kupiga picha kila pea, kuweka bei kwenye katalogi, na kubandika lebo. Huyu kalipa, huyu bado, mzigo wa huyu uko njiani. Lebo ndizo nazipenda kuliko vyote, maana siku ya kupeleka mizigo stendi sipekui tena meseji mia kutafuta nani kalipa. (Namba moja haikai WhatsApp ya kawaida na ya Business kwa pamoja. Kabla ya kuhama, hifadhi nakala ya meseji zako.)

Tovuti je? Kwa sasa hapana. Mteja wangu ajisajili, akumbuke nywila, ajaze mtaa na namba ya nyumba? Huyu anayenielekeza "shuka kituoni, uliza duka la mangi, geti jekundu"? Yeye anataka kutuma voisi na kupunguziwe buku mbili. Roboti nayo itampunguzia?

Sehemu moja tu navunja kanuni yangu: hela. Lipa Namba inamtaka mteja abadilike, na wengine wananuna, "si nitume tu kwenye namba yako?" Hapo silegezi. Mteja anaona jina la biashara kabla ya kuweka namba ya siri, na hela ya duka haichanganyiki na ya vocha na ada ya mtoto. Kuangalia salio ndiyo usiseme. Mwezi uliopita mtu kanitumia skrinishoti ya muamala, boda wake kashafika mlangoni, anapiga honi. Nikaangalia, hakuna kitu. Pea sita hizo, faida yangu ya wiki nzima. Mzigo haukutoka, boda akageuza.

Wenye daftari, siwaambii mlichome. Hata langu lipo, halili bando wala chaji. Ila hizo lebo zijaribuni wiki moja tu, halafu mje mniambie.